Mpige picha nzi, lakini usimtupe

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

*Simu ya mkononi imewapa wafugaji, wakulima na waongoza watalii wa Katavi njia ya kuuliza papo hapo: huyu ni nzi gani? Jibu likiwa sahihi linaokoa ng'ombe, maembe na maisha ya watu. Likiwa la kubahatisha, linamaliza fedha za dawa bure.*

Gari likivuka Mto Katuma pale Sitalike na kuanza kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, dereva hutoa agizo moja kabla ya yote: pandisheni vioo. Hakuna anayebisha, hata kama jua la Oktoba linachoma. Nje, ndorobo wanalifuata gari, wanagonga vioo, wanatua kwenye boneti na kwenye matairi.

Hata hivyo mmoja atapenya tu. Atatua kwenye kifundo cha mguu na kuchoma juu ya soksi. Abiria anampiga kofi, anamweka kiganjani, anatoa simu, anapiga picha. Kisha anashusha kioo kidogo na kumtupa nje.

Picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na swali: huyu ndiye anayeleta malale? Kinachoonekana ni doa la kahawia lililopondeka, bawa moja limekunjika, miguu miwili haipo. Mtaalamu wa wadudu akiletewa picha ya namna hiyo hujibu kwa swali: nzi mwenyewe yuko wapi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Katika mkoa ambao nzi mmoja huua ng'ombe na mwingine huozesha embe kutoka ndani, kumtambua nzi kwa jina lake ni hatua ya kwanza ya kupambana naye. Na sasa watu wengi zaidi wanaitafuta hatua hiyo kwa kamera ya simu.

Mkoa wa miombo na mifugo

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu yake. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni misitu ya miombo, na miombo ndiyo maskani ya *Glossina morsitans*, mmoja wa ndorobo wasumbufu kuliko wote. Hifadhi yenyewe, iliyopandishwa hadhi kuwa ya taifa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye, ina kilomita za mraba 4,471 zenye nyati, tembo, viboko na ngiri. Kwa ndorobo, hiyo ni damu isiyokauka.

Kando ya wanyamapori wapo watu, tena wanaongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 564,604 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Miongoni mwa waliohamia ni wakulima na wafugaji, wakiwamo Wasukuma walioingia na mifugo yao wakitafuta malisho na mashamba. Kila zizi linalojengwa kando ya pori linamsogeza ng'ombe karibu na ndorobo.

Hofu ya nzi huyu katika magharibi ya nchi ina historia ndefu. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili kuwatenga na ndorobo na malale. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, na wanyamapori wakayachukua.

Malale ya Afrika Mashariki husababishwa na kimelea kiitwacho *Trypanosoma brucei rhodesiense*. Ni ugonjwa wa haraka: homa, kuumwa kichwa, kisha kuchanganyikiwa na kifo ndani ya miezi michache mgonjwa asipotibiwa. Kimelea hicho huishi pia ndani ya wanyamapori na ng'ombe bila kuwaangusha kwa namna kinavyomwangusha binadamu, na ndiyo maana hakimaliziki kwa kutibu watu peke yao.

Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya walirudi kwao wakiwa na malale baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, tukio lililowakumbusha madaktari wa kwao ugonjwa waliokuwa wameanza kuusahau. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya unaoingiza vidonge vya fexinidazole katika tiba ya malale ya aina hii, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea sindano zenye madhara makali.

Kwa mfugaji, jina linalotisha zaidi ni nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vimelea vya jamii hiyohiyo. Ng'ombe hukonda, huishiwa damu, huharibu mimba, hukauka maziwa, mwisho hufa.

> Picha nzuri inaweza kukutajia jina la nzi. Haiwezi kukuambia amebeba nini.

Swali la kwanza: ni ndorobo au si ndorobo?

Hapa simu inafanya kazi nzuri, mradi picha ipigwe vizuri. Ndorobo ana alama tatu zinazoonekana hata bila darubini.

Ya kwanza ni mabawa. Akitulia, bawa moja hulala juu ya jingine, yakifunika mgongo kwa unyoofu. Ya pili ni mdomo: mrija wa kunyonya damu umenyooka mbele ya kichwa. Ya tatu ndiyo hakika kuliko zote. Ukilitandaza bawa juu ya karatasi nyeupe na kulitazama dhidi ya mwanga, utaona katikati yake chumba kilichozungushiwa mishipa, chenye umbo la shoka. Hakuna nzi mwingine mwenye chumba cha umbo hilo.

Alama hizo zina kazi, kwa sababu ndorobo ana wanaofanana naye. Yupo nzi wa zizini, *Stomoxys*, ambaye naye ana mdomo uliochongoka mbele na hunyonya damu, lakini mabawa yake hutanuka pembeni akitua. Wapo pange, wenye macho makubwa yanayong'aa na miili minene. Wote huuma ng'ombe, na mfugaji aliyechoka kuwafukuza anaweza kuwaita wote ndorobo.

Kosa hilo lina gharama. Nzi wa zizini huzaliana kwenye samadi na majani yaliyooza. Dawa yake ya kwanza ni koleo na usafi wa zizi. Ndorobo hazaliani kwenye samadi hata kidogo. Jike lake halitagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa ameshakua, takribani kila baada ya siku tisa au kumi, na buu huyo hujichimbia udongoni kwenye kivuli na kugeuka pupa. Mfugaji anayesafisha zizi akidhani anamaliza ndorobo atakuwa na zizi safi na ng'ombe wagonjwa.

Uzazi huo wa taratibu ndio udhaifu wa ndorobo. Kuongeza vifo vya majike kwa asilimia chache tu kwa siku, bila kukatiza, kunatosha kuiangusha idadi yao. Lakini ni lazima ujue unampiga nani.

Swali la pili: ndorobo yupi?

Ukihesabu spishi na nususpishi pamoja, ndorobo wa Afrika wanapita 30 kidogo. Hapa ndipo picha ya simu inapoanza kuelemewa.

Chukua *Glossina morsitans* na *Glossina pallidipes*, ambao wote wamo katika orodha ya ndorobo wa Tanzania. Wote ni wa kahawia na wote wana mistari tumboni. Tofauti yao iko miguuni: kwa *morsitans*, vipingili viwili vya mwisho vya miguu ya mbele vina ncha nyeusi, kwa *pallidipes*, vipingili hivyo ni vyeupevyeupe. Ni alama ya sehemu ndogo ya milimita, kwenye kiungo ambacho kofi la abiria hukikata kwanza.

Ukishuka upande wa magharibi hadi Karema na Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hadithi inabadilika. Ukanda wa ziwa hilo una *Glossina fuscipes martinii*, ndorobo wa kando ya maji, ambaye vipingili vya nyayo za miguu ya nyuma ni vyeusi vyote. Mkoa ni mmoja, lakini nzi ni wengine na tabia zao ni nyingine.

Tofauti hiyo huamua bajeti. Ndorobo wa miombo hufuata harufu, hivyo hunaswa kwa vitambaa vikubwa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa na chambo cha harufu, kama kemikali za kwenye mkojo wa ng'ombe. Vitambaa vinne kwa kila kilomita ya mraba ndicho kipimo kinachotumika sana. Ndorobo wa kando ya maji hajali sana harufu hiyo. Kaskazini magharibi mwa Uganda, ndugu yake amepunguzwa mno kwa vitambaa vidogo vya sentimita 25 kwa 50 vilivyopangwa kando ya mito. Halmashauri inayonunua vitambaa kabla ya kujua spishi inapiga ramli kwa fedha za umma.

Mfano mkubwa zaidi wa kuijua spishi kwanza uko Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mamilioni ya ndorobo madume waliohasiwa kwa mionzi walimwagwa kisiwani kwa ndege, wengi wao wakiwa wamekuzwa Tanga. Jike likipandwa na dume la namna hiyo halizai. Ndorobo wa mwisho wa porini alikamatwa Unguja mwaka 1996.

Kazi ile iliwezekana kwa sababu kisiwa kilikuwa na spishi moja tu, *Glossina austeni*, na wataalamu walikuwa na uhakika wa hilo. Dume la spishi nyingine lisingefua dafu.

Embe lenye mgeni ndani

Katavi ina nzi mwingine anayestahili kutazamwa kwa makini: nzi wa matunda. Huyu haumi mtu. Jike hutoboa ganda la embe bichi au pera na kutaga mayai ndani. Kwa nje, tundu ni dogo kuliko ncha ya sindano. Siku chache baadaye ndani kuna mabuu meupe, na tunda linaanguka.

Mwaka 2003 nzi wa matunda asiye wa Afrika aligunduliwa pwani ya Kenya, na muda si mrefu akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina la *Bactrocera invadens*, wakiamini ni spishi mpya. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha maumbile, vinasaba na uzazi, wataalamu walikubaliana kwamba ni *Bactrocera dorsalis*, nzi wa matunda wa Asia ambaye dunia ilikuwa ikimfahamu tangu zamani. Sababu moja ya mkanganyiko ni rangi: kifua cha nzi huyu kinaweza kuwa cha kahawia hafifu au cheusi kabisa. Picha mbili za spishi moja zinaweza kuonekana kama za wadudu wawili tofauti.

Nzi wa matunda wenyeji wa Afrika nao wana mafumbo yao. Nzi wa jenasi ya *Ceratitis* wana mabawa yenye madoa na michirizi, na kwa picha nzuri unaweza kuwatenganisha na *Bactrocera*, ambaye bawa lake ni angavu lenye ukanda mweusi ukingoni. Lakini ndani ya *Ceratitis* kuna ndugu waliofanana hadi wataalamu wakawahesabu kuwa mmoja kwa zaidi ya karne. *Ceratitis rosa* alitajwa mwaka 1887. Mwaka 2016 Marc De Meyer, Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Massimiliano Virgilio walionyesha kwamba jina hilo lilikuwa limeficha spishi mbili, wakaiita ya pili *Ceratitis quilicii*.

Tofauti iliyo wazi iko kwenye mguu wa kati wa dume. Majike ni vigumu mno kuyatenganisha kwa macho, na ndiyo yanayotaga.

Kwa mkulima wa Nsimbo au Mlele, jambo hili linaishia kwenye chambo. Methyl eugenol huwavuta madume wa *Bactrocera dorsalis* kwa nguvu, lakini *Ceratitis cosyra*, adui wa zamani wa maembe, hashughuliki nayo. Anayetundika mtego wenye chambo kisichomhusu nzi wake ataukuta mtupu, na maembe yataendelea kuanguka.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Vinzi vyenye macho mekundu, vya milimita tatu hivi, vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni, si wale wanaotoboa maembe shambani. Wengi wao hufuata tunda lililokwisha kuoza. Picha iliyopigwa bila kitu cha kupimia ukubwa huwafanya vinzi hao na nzi wa matunda waonekane sawa.

> Bila kipimo cha ukubwa, kinzi cha jikoni na mharibifu wa maembe hugeuka kuwa mdudu mmoja.

Kompyuta inapofundishwa kusoma bawa

Matumaini ya wengi sasa yako kwenye akili mnemba, na matumaini hayo yana msingi. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kufundisha kompyuta kutafuta nukta 11 maalumu kwenye picha za mabawa ya ndorobo, mahali ambapo mishipa hukutana. Baada ya kufundishwa, programu ilipitia zaidi ya jozi 14,000 za mabawa ya *Glossina pallidipes* na *Glossina morsitans*, kazi ambayo mtu angeifanya kwa mkono mpaka macho yakachoka. Umbali kati ya nukta hizo huonyesha umbo la bawa, na umbo la bawa husaidia kujua kama ndorobo wa eneo moja wamejitenga na wa eneo jingine.

Nchini Uganda, chombo kiitwacho VectorCam, kilichotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Makerere, kinatumia simu na lenzi ya ziada kumtambua mbu na jinsi yake. Wakulima wa Tanzania nao wanaifahamu Nuru, programu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti, iliyotengenezwa kutambua magonjwa ya mihogo na viwavijeshi vamizi.

Yote haya yanaonyesha kwamba njia ipo. Lakini wanaoijua kazi hii kwa undani wanataja mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni shule ya mashine yenyewe. Programu inajua ilichoonyeshwa, basi. Iliyofunzwa kwa spishi mbili, ukiiletea ya tatu kutoka Karema, itachagua mojawapo ya zile mbili inazozijua na kukupa jibu bila kusita. Picha nyingi za wadudu zilizomo kwenye hazina za mtandaoni, kama iNaturalist, zimepigwa Marekani Kaskazini na Ulaya. Nzi wa Katavi ambaye hakuna aliyempiga picha na kumtambua kwa uhakika hayumo katika masomo ya mashine hiyo.

Mpaka wa pili ni maumbile. Kuna wadudu ambao hata kamera bora kuliko zote haiwatenganishi. *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis*, mbu wawili wakubwa wa malaria, wanafanana kwa sura lakini si kwa tabia. Maabara huwatenganisha kwa vinasaba. Usubi wanaoeneza upofu wa mtoni wako hivyohivyo: ndugu wa *Simulium damnosum* walitenganishwa kwa kusoma kromosomu za viluwiluwi vyao.

Mpaka wa tatu unamhusu mgonjwa moja kwa moja. Ndorobo aliyebeba vimelea na asiyebeba wanatoka sawa kwenye picha. Ili kujua, ni lazima nzi apasuliwe na utumbo, mdomo na tezi zake za mate zichunguzwe, au vinasaba vyake vipimwe. Aliyeumwa na ndorobo kisha akapata homa hapaswi kusubiri jibu la picha. Anapaswa kwenda kituo cha afya, aseme aliumwa wapi na lini, na aombe damu yake ichunguzwe pia kwa malale, si malaria peke yake.

Mvutano wa picha na mwili

Ubishi huu una sura ya kimataifa, na ulifika kileleni kwa sababu ya nzi wa Kiafrika. Mwaka 2015 Stephen Marshall wa Canada na Neal Evenhuis wa Hawaii walitangaza spishi mpya ya nzi kutoka Afrika Kusini, *Marleyimyia xylocopae*, anayefanana na nyuki seremala. Hawakuwa na nzi aliyehifadhiwa. Walikuwa na picha tu.

Hoja yao ilikuwa na uzito. Kamera za leo huonyesha maelezo ambayo zamani yalihitaji darubini. Vibali vya kukusanya viumbe vinazidi kuwa vigumu kupatikana. Wapo viumbe wanaoweza kutoweka kabla mtu hajawashika. Kwa nini kumnyima jina nzi aliyeonekana wazi kabisa?

Upinzani ulikuja kwa kishindo. Mwaka 2016 wataalamu zaidi ya 400 walitia saini andiko lililosema mtindo huo hautoshi na unaweza kuidhuru sayansi. Picha haipasuliwi, walisema kwa maana hiyo. Haitoi vinasaba. Mtafiti wa miaka 50 ijayo hawezi kuigeuza aone upande ambao mpiga picha hakuupiga. Mfano wa *Ceratitis rosa* unawaunga mkono: siri ya spishi mbili ilifichuka kwa sababu watafiti walikuwa na nzi wenyewe wa kurudiwa na kuchunguzwa upya.

Katavi inazihitaji pande zote mbili zisikilizwe. Ndani ya hifadhi, kukusanya sampuli za utafiti kunahitaji vibali, kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Mgeni mwenye kamera hachukui chochote hifadhini ila picha, na picha hiyo ikiwa na tarehe na mahali ni ushahidi kwamba spishi fulani ilikuwapo. Nje ya hifadhi, zizini na shambani, mfugaji na mkulima hawana sababu ya kumtupa nzi aliyekwisha kufa.

> Picha huita mtaalamu. Nzi aliyehifadhiwa humpa mtaalamu kazi ya kufanya.

Jinsi ya kupiga picha yenye faida

Kwanza, asipondwe. Mfunike kwa kikombe au chupa angavu, kisha mweke kwenye friji kwa dakika chache apate baridi na kutulia. Asiye na friji atumie chupa yenye pamba iliyodondoshewa spiriti.

Mweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka pembeni. Weka rula au sarafu kando yake. Piga picha ya mgongo, ya ubavu, ya uso kwa mbele, ya miguu, na ya bawa lililotandazwa. Usikaribishe simu mpaka picha ikapata ukungu. Afadhali kusogea nyuma kidogo kisha kuikata picha baadaye. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu husaidia sana.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa, na mishipa ya bawa hupotea. Taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha nazo hufutika, kwa hiyo andika mwenyewe: kijiji, kitongoji, tarehe, saa, na alikuwa juu ya nini, ng'ombe, mtu au embe.

Kisha mweke nzi kwenye kichupa chenye spiriti. Ndani ya kichupa tumbukiza kipande cha karatasi chenye maelezo yaleyale, yaliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na nzi asiye na maelezo ni mzigo kwa kila maabara.

Linalohitajika sasa

Wajibu haumwangukii mwananchi peke yake. Mtu anayetuma picha na kichupa anastahili jibu, na jibu hilo lazima liwe na ngazi: huyu ni ndorobo kwa uhakika, huenda ni *morsitans*, spishi itathibitishwa maabara. Mtaalamu anayesema "huenda" anamlinda mfugaji kuliko programu inayotaja jina moja kwa sauti ya kujiamini.

Nchi ina taasisi za kuifanya kazi hii. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ina kituo Tanga chenye uzoefu wa miongo mingi na ndorobo, na vituo vya kanda, kikiwamo cha Tabora, ambako reli ya kutoka Mpanda inaelekea. SUA ina wataalamu wa nzi wa matunda wanaotambulika duniani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) inashughulikia wadudu waharibifu wa mazao. COSTECH inasimamia hazina ya taifa ya kumbukumbu za viumbe hai, TanBIF, ambamo picha na sampuli za Katavi zinaweza kuingizwa na kusomwa na yeyote.

Kinachokosekana ni kiungo cha chini kabisa. Kila ofisi ya mifugo na kilimo katika halmashauri za mkoa huu inaweza kuwa na sanduku la vichupa, spiriti, penseli, lenzi ya simu na namba moja ya kutuma picha. Maofisa ugani wanaweza kufundishwa alama za bawa, mdomo na miguu kwa mafunzo mafupi. Waongoza watalii wa Sitalike, wanaowaona ndorobo kuliko mtafiti yeyote, wanaweza kuwa wapigapicha wa kwanza wa mradi huo. Gharama ya sanduku moja ni ndogo ikilinganishwa na ng'ombe mmoja aliyekufa kwa nagana.

Faida yake itapita Katavi. Kila nzi aliyepigwa picha, akahifadhiwa na kuthibitishwa ni somo moja zaidi kwa mashine zinazotengenezwa leo Uganda na kwingineko. Mkoa usiochangia masomo hayo utabaki kupokea programu zilizojifunza nzi wa watu wengine, na kulipia dawa za nzi wa watu wengine. Katavi ina nzi wake, na sasa inastahili kuwajua kwa majina.